Imani na hofu ya kuachwa: Usalama ambao Eastleigh haiwezi kuuomba kwa polisi

ENEO la Eastleigh jijini Nairobi linapotajwa magazetini sambamba na neno usalama, msomaji hujua mara moja kinachofuata: guruneti, msako wa polisi ama magenge ya vijana. Mwandishi wa makala haya amevipanga vichwa vingi vya habari za aina hiyo. Anaikumbuka Jumapili ya Septemba 30, 2012, guruneti liliporushwa katika kanisa la Kianglikana la St Polycarp, kando ya barabara ya Juja, watoto wakiwa katika mafunzo yao ya Jumapili. Anaukumbuka pia mwezi wa Aprili 2014, serikali ilipoendesha operesheni ya Usalama Watch na maelfu ya watu wakapelekwa katika uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho.

Hata hivyo, upo ukosefu mwingine wa usalama mtaani humo ambao hauandikishwi katika kituo cha polisi cha Pangani wala hauwekewi kizuizi barabarani. Ni ule wa mtu kulala kando ya mwenzake usiku kucha akijiuliza kama bado anapendwa.

Wakristo wa Eastleigh, wanaoishi bega kwa bega na majirani wengi Waislamu, huibeba hofu hii hadi kanisani kila Jumapili. Aghalabu hawaitaji kwa jina lake. Mmoja ataomba aombewe "mambo ya nyumbani", mwingine atasema ana "vita vya kiroho", na wa tatu atanyamaza tu na kulia wakati wa kuimba. Je, imani yaweza kuiponya hofu hiyo, au huifunika tu kwa kitambaa cheupe?

Tuitazame kwanza hali yenyewe. Tumfikirie mke wa askari wa kambi ya wanahewa iliyopakana na mtaa huo, ambaye mumewe ametumwa mbali kwa miezi kadhaa. Tumfikirie mume mchuuzi ambaye mkewe amekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, naye huku akilea watoto wawili katika chumba cha kupanga. Tumfikirie pia msichana anayeuza nguo katika mojawapo ya maduka yaliyochipuka tangu Garissa Lodge igeuke kutoka nyumba ya wageni hadi soko, ambaye humpigia mchumba wake simu mara nne kabla ya saa sita mchana.

Hakuna kati yao aliye mtu mbaya. Kila mmoja anatafuta hakika ambayo haipatikani.

Teknolojia nayo haikusaidia. Kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007, mtu mwenye wivu alitegemea harufu ya manukato na maneno ya majirani. Siku hizi hofu ina ushahidi wa maandishi: ujumbe mfupi unaoonyesha kwamba shilingi mia tano zilitumwa saa tatu usiku kwa jina la mwanamke asiyejulikana. Yamkini ni mama mboga. Yamkini siye. Anayehofu hawezi kuuliza bila kuonekana mpelelezi, na asipouliza hapati usingizi.

Hofu ya kuachwa ina sura mbili. Ya kwanza hung'ang'ania: huuliza, hukagua, hulia, humjaribu mwenzake kwa kutishia kuondoka ili aone kama atazuiwa. Ya pili hujitenga: mtu hufunga moyo wake mapema ili siku ya kuachwa isimkute bila ngao. Hunyamaza, huchelewa kurudi, hujibu kwa neno moja. Jamii yetu huiona sura ya kwanza kuwa ni udhaifu wa wanawake na kuisifu ya pili kuwa ni uanaume. Kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo ngumu zaidi kutibu, kwa sababu hujifanya nguvu, na mwenye nguvu haendi kuombewa.

Hofu hii huanzia wapi? Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya kisasa kuhusu swali hili ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyezaliwa Marekani na kukulia Canada, aliwasili Kampala pamoja na mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Alikuwa ametoka London alikofanya kazi na daktari John Bowlby, ambaye alikuwa akichunguza yanayompata mtoto anapotenganishwa na mamaye. Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwatazama watoto 28 ambao wengi walikuwa bado wananyonya, akirejea nyumba ile ile mara kwa mara kwa muda wa miezi kadhaa.

Alichokiona sebuleni mwa Waganda kilibadilisha fikra zake. Mtoto aliyemwamini mamaye hakumganda kama kupe. Kinyume chake, alitambaa kwenda mbali, akachezea kikapu, akamchungulia mgeni, kisha akageuka kuhakikisha mama yupo, akaendelea na safari yake. Mama alikuwa kama bandari: jahazi huthubutu kwenda mbali kwa kuwa lina mahali pa kurudi. Mtoto asiyekuwa na hakika hiyo alilia hata akiwa amepakatwa.

Ainsworth aligundua pia kwamba akina mama waliowajua watoto wao kwa undani, wakaweza kumsimulia mgeni tabia zao ndogondogo, ndio ambao watoto wao walielekea kuwa watulivu. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilichapishwa mwaka wa 1967. Miongo miwili baadaye, mwaka wa 1987, watafiti wa Marekani Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kwamba mitindo hiyo ya utotoni inafanana na ile ya watu wazima katika mapenzi: wapo watulivu, wapo wang'ang'anizi, na wapo wakwepaji.

Hii haimaanishi kwamba aliyelelewa na nyanya mashambani au aliyepelekwa shule ya bweni akiwa na umri wa miaka saba ameharibika. Mtoto anaweza kushikamana na walezi zaidi ya mmoja, na nyanya wengi wamelea watu imara kuliko wazazi wenyewe. Maana yake ni kwamba anayemkagulia mkewe simu usiku wa manane huenda hamtafuti mwanamume mwingine. Huenda anamtafuta mtu aliyeondoka zamani, kabla hata ya ndoa.

Sasa tupande kilima cha Namirembe, katika jiji hilo hilo la Kampala. Robo karne kabla ya Ainsworth kufika, mnamo Septemba 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana kilimani hapo na Mganda Simeoni Nsibambi. Walisoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku kadhaa, na mkutano huo huhesabiwa kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kufikia mwaka wa 1937 uamsho huo ulikuwa umefika Kenya.

Wanahistoria wengi huueleza uamsho huo kama habari ya toba na nyimbo. Ulikuwa pia, nathubutu kusema, shule ya mahusiano ya karibu. Ndugu hao walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni, wakiutegemea waraka wa kwanza wa Yohana. Mtu alisimama mbele ya wenzake na kukiri mambo aliyoyaficha: chuki, wizi mdogo, wivu, dharau. Mzungu alimwomba Mwafrika msamaha na Mwafrika akamwambia Mzungu ukweli, jambo lililokuwa karibu na uhaini katika enzi ya ukoloni. Mume alimwomba mkewe radhi mbele ya watu.

Anayeogopa kuachwa huishi akiamini kwamba mwenzake akimjua alivyo kweli, atamkimbia. Basi huficha, na kadiri anavyoficha ndivyo anavyozidi kuamini kwamba anayependwa si yeye bali ni ile sura aliyoivaa. Kutembea nuruni kuliuvunja mzunguko huo. Mtu alisema jambo alilodhani litamtenga, akasubiri, na badala ya kufukuzwa akaimbiwa Tukutendereza na kukumbatiwa. Hiyo ilikuwa hakika ambayo hotuba pekee haingempa.

Askofu Festo Kivengere, aliyezaliwa mwaka wa 1919 na kuliongoza dayosisi ya Kigezi tangu 1972, alikuwa akisimulia kisa kimoja waziwazi majukwaani. Alikuwa amekosana na mkewe Mera, naye anajiandaa kwenda kuhubiri. Moyoni akahisi Mungu akimwambia aende zake mkutanini, lakini Yeye Mungu atabaki jikoni na mkewe. Mhubiri akashindwa kwenda. Akarudi jikoni kuomba msamaha kwanza. Kivengere ndiye yule aliyeikimbia Uganda mwaka wa 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, kisha akaandika kitabu kuhusu kumpenda Idi Amin. Wanaostaajabia msamaha huo mkubwa husahau kwamba aliuanzia jikoni.

Wimbi hilo lina njia inayofika Eastleigh. Mwaka wa 1942 uamsho uliwagusa Wamennonite wa Shirati, kando ya Ziwa Viktoria nchini Tanganyika, ambako wamishonari kutoka Marekani walikuwa wameanza kazi mwaka wa 1934. Katika miaka ya 1970 Wamennonite, baadhi yao wakiwa wamekulia katika hali hiyo ya uamsho, waliweka makao Eastleigh na kuanzisha kituo ambacho vijana wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, wamekijua kwa maktaba yake na mpira wa vikapu. Miongoni mwao alikuwa David Shenk, mzaliwa wa Shirati, ambaye mwaka wa 1980 alichapisha kitabu cha mazungumzo ya dini hizo mbili pamoja na msomi Mwislamu wa Uganda, Badru Kateregga. Watu wawili wasiokubaliana katika mambo makuu walikaa meza moja bila mmoja kumtaka mwingine abadilike kwanza ndipo awe rafiki. Wanandoa wengi hawajafika hapo.

Tusiusifu uamsho kupita kiasi. Kukiri hadharani kulikuwa na madhara yake. Wapo waliolazimishwa kusema, na wapo waliokiri dhambi zao pamoja na za majirani. Katika majengo ya kupanga ya Eastleigh, ambapo ukuta kati ya nyumba na nyumba ni mwembamba na foleni ya mitungi ya maji ndiyo redio ya mtaa, siri iliyosemwa katika ushirika Jumatano huweza kufika sokoni Alhamisi. Kiri kilicho chako, mbele ya yule uliyemkosea, na pengine mbele ya mmoja au wawili wenye midomo mizito. Zaidi ya hapo ni kujianika.

Maandiko yenyewe yanasemaje? Mstari unaotajwa zaidi ni 1 Yohana 4:18, unaofundisha kwamba pendo lililokamilika huifukuza hofu. Nimewahi kuusikia ukitumiwa kama fimbo: mke anasema anaogopa, naye anaambiwa kwamba basi hampendi Mungu wala mumewe. Huko ni kuusoma mstari ukiwa umekatwa kichwa na miguu. Mstari unaofuata unaeleza kwamba aliyeanza kupenda ni Mungu. Pendo kamilifu linalozungumziwa, kwa hivyo, si la mume, wala la mke, wala hata la yule mwenye hofu. Mwandishi wa waraka hakumtaka mtu aliyeogopa ajikaze apende zaidi. Alimwelekeza atazame alikopendwa kwanza.

Lakini sura inayoieleza hofu hii kwa ukatili na huruma kuliko zote ni Mwanzo 29. Lea aliozwa kwa hila ya babaye Labani kwa mwanamume aliyemtaka dada yake Raheli. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, Yakobo alipomtazama, alikasirika. Hakuna asiyeweza kukisia usalama wa moyo wa mwanamke huyo.

Akaanza kuzaa, na majina ya watoto yanausimulia moyo wake. Alipomzaa Reubeni alitumaini kwamba sasa mume atampenda. Alipomzaa Simeoni alisema Mungu amesikia kwamba anachukiwa. Alipomzaa Lawi alitumaini kwamba sasa mume ataambatana naye. Wana watatu, na kila mmoja ni ombi lililotumwa kwa Yakobo kupitia tumbo la mama. Wangapi Eastleigh, na kwingineko, wamezaa, wamenunua gari, wamejenga nyumba ya wazazi wa mume mashambani au wamepunguza unene kwa nia hiyo hiyo?

Alipozaliwa wa nne, Yuda, Lea hakumtaja Yakobo. Alisema tu kwamba mara hii atamsifu Mungu. Biblia haisemi kwamba Yakobo alibadilika siku hiyo. Badiliko lilikuwa la Lea: kwa mara ya kwanza thamani yake haikuning'inia kwenye uso wa mumewe. Tena halikuwa la kudumu, kwani sura ya 30 inamwonyesha akimgombania Yakobo na Raheli kwa sababu ya tunguja. Napenda uaminifu huo wa msimulizi. Mtu hupata amani Jumapili, na Alhamisi anarudia kuchungulia simu.

Hapo ndipo nionapo kiini cha jambo lenyewe. Imani humsaidia mwenye hofu pale inapompa mahali pa kusimama nje ya mwenzake, ili asimdai binadamu kazi ya Mungu. Hakuna mume awezaye kumhakikishia mkewe kila saa kwamba hataondoka. Akijaribu atachoka, na uchovu wake utasomwa kuwa ni kuondoka. Anayejua kwamba ameshikwa tayari huweza kuuliza swali gumu na kuvumilia jibu. Yeye ni kama yule mtoto wa Kiganda: anaweza kutambaa.

Je, utafiti unaunga mkono? Kwa kiasi. Mwaka wa 1990 Lee Kirkpatrick na Shaver waliripoti kwamba uongofu wa ghafla ulionekana zaidi kwa watu waliosema mama zao walikuwa baridi na wa mbali. Ni kana kwamba watu hao walitafuta kwa Mungu bandari waliyoikosa nyumbani. Hata hivyo, wataalamu hao hao na wengine waliowafuata walikuta pia kwamba mara nyingi mtu humwona Mungu kwa macho yale yale anayowaonea watu: aliyezoea kuachwa huhofu kwamba Mungu naye atamwacha, na kila jaribu hulisoma kama talaka. Kusali pekee hakumponyi huyo upesi. Anahitaji watu, kundi dogo lisilomkimbia, na wakati mwingine mshauri aliyesomea kazi hiyo.

Na ipo imani ambayo huinenepesha hofu. Katika miji yetu yote hakuna uhaba wa wanaojiita manabii wanaouza mafuta na maji ya kumfunga mume asitoke nje. Wateja wao wengi ni watu waaminifu walioshikwa na wasiwasi. Kumfunga mtu kwa maombi na kumfunga kwa hirizi kunatofautiana kwa bei tu. Nia ni ile ile ya kumnyima mwenzako uhuru wa kukupenda au kutokupenda. Upendo wa aliyefungwa haumtulizi mtu, maana atajua siku zote kwamba kamba ndiyo iliyobaki, si mtu.

Jambo jingine halina budi kusemwa kinagaubaga. Si kila hofu ni ugonjwa. Mke anayemwogopa mume anayempiga hana tatizo la kutojiamini. Ana tatizo la kupigwa. Mume aliyekuta ushahidi wa usaliti hahitaji kuambiwa aongeze imani. Mchumba anayetaka wapimwe virusi vya ukimwi kabla ya harusi hajakosa upendo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka wa 2015, inayomruhusu aliyedhulumiwa kuomba amri ya mahakama ya kumlinda, na ipo namba ya simu 1195 ya kuripoti dhuluma za kijinsia. Mchungaji anayemrudisha mwanamke kwenye kipigo kwa jina la uvumilivu amekosea, hata akiwa na mistari kumi mkononi.

Namna moja ya kutofautisha ni kuuliza: hofu hii ilianza kabla ya kumfahamu mtu huyu, au yeye ndiye aliyeileta? Kama mtu alikuwa na hofu hiyo hiyo na mchumba wa kwanza, wa pili na hata na rafiki wa shuleni, basi yafaa aishughulikie kama mzigo wake mwenyewe. Kama ilianza siku kipigo kilipoanza, aiamini na kuondoka mahali hapo.

Makanisa mengi yana darasa la wachumba. Langu la miaka ya tisini, katika kanisa ambalo sitalitaja, lilitufundisha habari za mahari, bajeti na wakwe. Hakuna aliyetuuliza tunaogopa nini. Tulikuja kuulizana wenyewe mwaka wa tatu wa ndoa, stima zikiwa zimepotea, baada ya ugomvi juu ya jambo ambalo sasa silikumbuki.

Swali hilo halihitaji kitabu. Wawili waketi, simu zikiwa zimezimwa, kila mmoja amalize sentensi inayoanza kwa maneno "Ninapokuwa sikuoni huwa naogopa kwamba". Anayesikiliza asijitetee, asicheke, asitoe mstari wa Biblia. Ajibu tu kile alichokisikia, ndipo zamu igeuke. Wanaopenda kuomba waombe mwishoni, kila mmoja akiiombea hofu ya mwenzake na si yake mwenyewe. Aliye na mke Riyadh au mume kambini anaweza kufanya hivyo kwa simu, mradi wakubaliane saa na kuiheshimu. Kwa aliye mbali, kupiga saa ile iliyoahidiwa huwa na uzito kuliko kupiga mara kumi.